Koti la Jungu la Umeme

Nyumbani kwa Mama Pindo hakuna kitu kilichokaa uchi. Redio ilikuwa na shela, chupa ya chai ilikuwa na sketi, viti vilivaa mashuka yenye marinda, na hata mtungi wa maji ulikuwa na kofia ya kitambaa iliyofungwa kwa utepe. Watu wa mtaani walitania kwamba ukikaa pale muda mrefu bila kutikisika, utanyanyuka umeshashonewa kitu. Ndiyo maana wakamwita Mama Pindo, na jina likamkaa kama nguo iliyopimwa vizuri.

Alikuwa fundi cherehani. Chumba chake kimoja kikubwa ndicho kilichokuwa kila kitu. Dirishani palikuwa na cherehani na meza ya kukatia, upande wa pili kitanda cha mama yake, mzee wa magoti mabovu na masikio mazito, na katikati, penye soketi pekee ya umeme ukutani, ndipo palipopikiwa. Miaka nenda miaka rudi kazi yake ilikuwa kupunguza suruali, kubadilisha zipu na kushona sare za shule. Gauni la harusi hakuwahi kupewa, na ndilo alilolitaka kuliko kitu chochote.

Kisa chenyewe kilikuwa moshi. Kitambaa cheupe hakipatani na jiko la mkaa chumba kimoja. Siku moja mteja alirudisha blauzi akaitundika mlangoni watu wote waione.

"Mama Pindo, nilikupa nyeupe. Hii ya kijivu ni ya nani?"

Tangu hapo akawa ama anapika ama anashona. Mama yake akidai chakula, cherehani inanyamaza.

Basi mdogo wake wa kiume akamletea jungu la umeme la kupikia wali, wauzaji wanaliita raiskuka. Mama Pindo alilizunguka akilipima kwa macho, kiuno kwanza, kisha mabega.

"Na moto wake uko wapi?"

"Ndani, dada."

"Anaupunguza nani?"

"Linajipunguzia lenyewe."

"Hebu niondolee masihara hapa."

Ikabidi aitwe jirani wa mlango wa pili, fundi umeme mwembamba ambaye kila mtu alimwita Waya. Waya alilifunua jungu, akatoa sufuria ya ndani, akaonyesha kibati kidogo cha mviringo kilichochomoza chini katikati.

"Ona hapa. Maji yakiwepo, chini ya sufuria hapawezi kuwa na joto kupita la maji yanayochemka. Wali ukishayanyonya yote, joto linapanda ghafla. Humu kuna sumaku. Ikipata lile joto, inaachia. Utasikia 'tak!' Basi, moto mkubwa umezima, umebaki wa kuweka wali uwe na uvuguvugu tu."

Mama Pindo alikodoa macho. "Kwa hiyo halina akili?"

"Hata chembe. Akili uwe nazo wewe. Sufuria hii uifute chini kabla hujairudisha, isiingie na maji. Lichomeke peke yake ukutani, usilichanganye na pasi. Na hiki kitundu cha juu ndiko linakopumulia. Usikizibe."

"Sasa nikizibe cha nini, fundi? Mimi kichaa?"

Maisha yakabadilika. Mama Pindo alipima mchele na maji, akabonyeza kitufe, akarudi kwenye cherehani. Hakuna kupuliza, hakuna kukoroga, hakuna masizi. Aliposikia tak, alikuwa ameshamaliza mkono mzima wa shati. Mama yake, ambaye hakuisikia hiyo tak, alizoea kukiangalia kitaa chekundu, na kilipogeuka cha njano alipiga kelele kutoka kitandani, "Mwenzio kaiva huyo!" Na kuta za chumba, baada ya kupigwa rangi, zikabaki nyeupe.

Hapo ndipo gauni lilipokuja. Muuguzi kijana wa zahanati, ambaye Mama Pindo alikuwa akimshonea sare, alichungulia chumbani, akapitisha kidole ukutani, akakitazama kidole. Kisafi. Kesho yake akarudi na bunda la satini.

"Mama, nataka unishonee wewe."

Mama Pindo aliikata satini ile kama mtu anayekata ngozi yake mwenyewe. Vipande vilivyobaki, kwa furaha, akashonea koti la jungu, lenye lesi shingoni na vifungo viwili vya lulu za bandia. Akajiwekea sharti kwamba koti litavaliwa wali ukishaiva tu na waya ukishachomolewa. Na sharti hilo alilishika, mpaka siku ya kukabidhi gauni.

Siku hiyo bibi harusi alikuwa anakuja mchana pamoja na shangazi yake, na harusi ilikuwa kesho. Gauni lilining'inia kwenye msumari, refu mpaka karibu na sakafu, limebakiza vishikizo vya mgongoni. Mama Pindo alikuwa anapiga pasi mkanda wake huku jungu likichemka. Vyote viwili vilikuwa kwenye ekstensheni moja, ule waya mrefu wenye soketi kadhaa, nayo ilikuwa imelala sakafuni katikati ya vitambaa vilivyokatwa. Siku nyingine angechomoa kimoja. Leo alikuwa na haraka.

Mara akauona mvuke. Ulitoka kwenye kitundu cha jungu, ukapanda taratibu, ukaenda moja kwa moja kwenye gauni. Satini ikipata tone la maji inabaki na alama kama chozi, na haitoki.

"Hapana, hapana, hapana."

Gauni halikuwa na msumari mwingine. Kulichomoa jungu kungemaanisha wali mbichi, na mama yake alishauliza chakula mara mbili. Mkono wake ukafanya kile ambacho mkono wa fundi nguo hufanya mbele ya jambo lolote linalosumbua: ukachukua kitambaa ukafunika. Alilivisha jungu koti lake, akalifunga vifungo vyote viwili. Mvuke ukakatika. Gauni likapona.

Akashusha pumzi. Alipotafuta vishikizo kwenye kopo, kopo lilikuwa tupu.

"Mama, navuka barabara mara moja!" akamwambia mzee kwa sauti ya juu, akionyesha mgongo wa gauni kwa ishara. Mzee akaitikia kwa kichwa. Mama Pindo akatoka mbio, pasi ikiwa wima juu ya meza, bado imechomekwa.

Dukani kwa muuza vifungo birika la chai ya maziwa lilikuwa juu ya jiko. Mwenye duka alikuwa amechomeka kitambaa kwenye mdomo wa birika ili nzi wasiingie.

"Vishikizo vidogo, baba, vya satini. Haraka tafadhali."

"Haraka ya nini? Bibi harusi katoroka?"

Alikuwa anapekua droo kwa utulivu wa mtu asiye na mteja mwingine. Nyuma yake kifuniko cha birika kikaanza kurukaruka. Povu la maziwa likatoka pembeni, likashuka ubavuni, likamwagikia moto. Psssss.

"Ala! Nzi wamenishinda, na birika nalo linanishinda!"

Mama Pindo alikuwa analiangalia lile povu linavyoshuka. Kama mvuke wa jungu haukutokea juu, ulikwenda wapi? Maji ya wali yana povu zito kuliko maziwa. Lingeshuka ubavuni, ndani ya koti, polepole, mpaka kule chini nyuma waya ulikoingilia. Na waya uliteremka mpaka wapi?

"Shika vishikizo vyako, mama. Mama?"

Alikuwa ameshafika katikati ya barabara. Baiskeli ikamkosa kidogo, mwenye baiskeli akamtukana, hakumsikia. Kandambili moja ikabaki nyuma. Harufu ilimpokea kabla ya mlango, harufu kali ya plastiki inayoungua, ile inayokaa kooni.

Aliposukuma mlango aliona mambo matatu kwa pamoja. Ekstensheni ilikuwa inatoa cheche, tatata, kama sindano iliyogonga chuma, na vitambaa vilivyoizunguka vilikuwa vinawaka kwa moto mdogo wa bluu na manjano. Moto huo ulikuwa umeshalamba ukingo wa gauni. Na mama yake, yule wa magoti mabovu, alikuwa amesimama katikati ya hayo yote, ameukumbatia mtungi wa maji na kofia yake ya utepe, anauinamisha.

"Mama, usimwage! Mama!"

Mzee alikuwa amempa mgongo. Hakusikia.

Maji juu ya umeme. Miguu ya mzee peku, sakafu imeshalowa povu. Gauni lilikuwa karibu naye kuliko mama, hatua moja tu na mkono ulishaanza kwenda kwenye lile jeupe. Nitasema ukweli wake kama alivyousema mwenyewe baadaye: mkono ulikwenda. Kisha ukarudi. Ukapanda juu ya mlango, kwenye kisanduku cha umeme wa nyumba nzima, ukaishika swichi kubwa na kuivuta chini kwa nguvu zake zote.

Feni ya darini ikasimama. Redio ya jirani ikanyamaza. Na mtungi ukamwagika.

Pssss. Majivu yakaruka, maji meusi yakatapakaa chumba kizima, na moto ukafa. Mzee akageuka, mtungi mtupu mikononi, akamwona binti yake amening'inia kwenye swichi, kandambili moja mguuni.

"Nimeuzima!" akasema kwa majivuno.

Mama Pindo akakaa sakafuni palepale kwenye maji, akaikumbatia ile miguu peku, akalia mpaka mzee akaanza kuogopa.

Waya alikuja akikimbia, kwa kuwa hata kwake umeme ulikuwa umekatika. Alilishika koti la jungu kwa vidole viwili. Mbele lilikuwa kavu kama biskuti, mgongoni uji mtupu wa wali.

"Umelivalisha."

"Nililivalisha."

"Likiwa linapika."

"Fundi, usinitandike. Nimeshajitandika."

Waya akamtazama mzee, akatazama mtungi, akatazama swichi. Kisha akaenda dukani kumfuatia vishikizo alivyoviacha.

Gauni lilikuwa jeusi chini, upande mmoja, kimo cha kiganja. Satini ya kuunga hakuna, maana yote iliyobaki aliivalisha jungu. Angeweza kupachika ua kubwa pale na kunyamaza. Alilifikiria ua. Kisha akachukua mkasi, akakata chini kote mzunguko mzima, akakaa kupinda kwa mkono, karibu na mlango penye mwanga. Alikuwa bado hajafika nusu waliposimama mbele yake watu wawili.

"Mbona chumba kinanuka hivi?" akasema shangazi wa bibi harusi.

Mama Pindo hakusimama. Aliwaeleza yote, koti, povu na ekstensheni, huku sindano ikiendelea kwa sababu mikono yake haikujua kufanya kitu kingine. "Kwa hiyo ni fupi kuliko tulivyokubaliana. Kama hulitaka, binti yangu, nitakuelewa."

"Harusi kesho, unamwambia leo!" Shangazi alikuwa ameshapandisha sauti. "Si nilisema twende kwa wale wenye duka la vioo? Si nilisema?"

Muuguzi alimsogelea mzee kitandani, akamfunua nyayo, akazikagua moja moja kama anavyofanya kazini, akamuuliza kwa sauti kubwa kama anasikia maumivu. Mzee akatikisa kichwa, hana maumivu. Kisha akavua viatu, akaenda nyuma ya pazia na gauni lake likiwa limepindwa nusu. Walingoja. Mama Pindo alihesabu vifungo vya lulu alivyookota sakafuni, viwili, akavihesabu tena.

Pazia likafunguka. Gauni liliishia juu kidogo ya vifundo vya miguu. Bibi harusi akajitazama, akainua mguu mmoja, akauzungusha.

"Shangazi, vile viatu ulivyonisumbua nivinunue..."

"Vimefanya nini?"

"Sasa vitaonekana."

Shangazi akainama akalikagua pindo. "Angalau pindo lisiwe limekaa kombo," akasema, akavuta kiti chenye marinda akakaa kusubiri.

Siku hizi ukutani kwa Mama Pindo kuna soketi nyingine, Waya aliivuta mwenyewe, na haichomekwi kitu ila jungu lile, lililopona baada ya kutengenezwa. Limewekwa mbali na nguo, juu ya kigoda, mvuke wake unakwenda dirishani. Linatoa tak yake kila mchana huku cherehani inaimba na vitambaa vyeupe vimejaa mezani. Wateja wapya wakiingia wanashangaa, kila kitu humo ndani kimevaa, hata mtungi umeshonewa kofia mpya, ila lile jungu liko uchi wa mnyama.

"Hili mbona hukulishonea, Mama Pindo?"

Yeye huinamia cherehani. Ni mama yake anayejibu kutoka kitandani, kwa sauti ya asiyesikia vizuri, akikiangalia kitaa.

"Liacheni hilo. Halisikii baridi."