Siku Niliyomnyang'anya Mama Jembe

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo natazama chini. Nimechoka, tangu tumzike mama yangu wageni hawajakatika hapa kijijini Daudi, na miguu yangu nayo si ya msichana. Lakini keti, nikueleze.

Mama alibaki mjane mapema. Alilima mahindi, maharage na vitunguu saumu, akakamua ng'ombe wake, akatulea watoto watano. Mwanamke yeyote wa jirani akijifungua, mama alikuwa wa kwanza kufika na uji. Mimi, binti yake mkubwa, niliolewa mjini Dongobesh, nikafungua duka la vitambaa. Basi mteja mmoja akaniambia huku anacheka, "Nimempita mama yako njiani na mzigo wa kuni kichwani, na wewe una nyumba ya saruji!"

Maneno yale yalinichoma. Wiki ile ile nilikwenda Daudi na mume wangu. Ng'ombe tukampelekea kaka yangu, jembe nikampa jirani, mama tukamleta kwetu apumzike. Hakubisha. Nikadhani kunyamaza ni kukubali.

Nilimweka kwenye kochi. Akishika ufagio, msichana wa kazi anaupokea, akitaka kuosha vyombo, namwambia, "Mama, kaa." Mwezi wa pili magoti yalivimba, na chakula akawa anakionja tu. Zahanati hawakuona ugonjwa.

Asubuhi moja nilikuta kitanda kitupu. Tulimtafuta stendi, sokoni, kanisani. Karibu na saa sita mchana nikamwona nje kidogo ya mji, katika shamba la watu, ameinama anapalilia maharage. Mwenye shamba, dada mmoja tusiyemjua, alikuwa ameketi pembeni akinyonyesha.

"Mama, shikamoo. Umetutia hofu!"

"Marahaba," akajibu bila kuinuka. "Huyu ana mtoto wa wiki tatu. Magugu yamemshinda."

"Lakini nilikuleta upumzike, mama. Watu watasemaje?"

Hapo ndipo aliponyooka. "Hukunileta nipumzike. Ulinileta ili watu wasikuseme. Uliniuliza lini kama nimechoka? Ng'ombe halemewi na nundu yake, binti yangu."

Nilivua viatu, nikang'oa magugu kwa mikono mpaka mstari wake ukaisha. Kabla juma halijaisha nilimrudisha Daudi, nikabisha hodi kwa jirani kuliomba jembe nililoligawa kana kwamba ni langu. Aibu ile niliistahili.

Baada ya hapo mama aliishi zaidi ya miaka thelathini. Dada yetu mdogo alipofariki, ni mama aliyewalea watoto wake wawili, na wote wakasoma. Alijifunza hata kutuma voisi kwenye simu, akituamrisha tupande kabla mvua haijatupita. Nguvu zilipopungua aliketi mlangoni akichambua maharage. Kisha mwaka huu, mvua zilipoanza, akanishika mkono. "Sasa nimechoka," akasema.

Na mimi, mwenye mvi hizi, nikamjibu nini? "Jikaze, mama."

Akacheka kidogo. "Nilipokuwa na nguvu ulinilaza. Leo nimechoka, unaniamsha. Utanisikia lini?"

Nikamwogesha, nikamtandikia shuka safi, nikaacha kumlazimisha uji. Wiki tatu baadaye alilala, hakuamka. Nilikuwa kando yake. Siwezi kusema nilikuwa tayari, maana kwa mama hakuna anayekuwa tayari, lakini safari hii angalau nilikuwa nimemsikia.

Kwa hiyo shika hili, mwanangu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nasi huwa tunawauliza wageni tukawasahau wazazi wetu. Mzee wako usimpe pumziko ambalo hakuliomba, wala usimnyime lile alilokuomba. Muulize, kisha ngoja jibu, hata likichelewa, hata lisipokupendeza. Huruma isiyosikiliza hugeuka kamba, na mtu aliyefungwa kwa kamba ya upendo huona haya kupiga kelele.

Haya, inuka, nisikucheleweshe; na mimi nijinyooshe kidogo. Mungu aibariki mikono yako isikose kazi ya kuipenda, na siku ile utakapochoka, akupe mtu wa kukuamini ukisema hivyo. Amina.