Mfupa Ndani ya Naitrojeni

Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, kipande cha mfupa wa muundi wa Hezekiah Kiptanui kilikaa dakika ishirini nje ya mwili wake, kimezama katika naitrojeni ya kimiminika, baridi kupita barafu.

Naitrojeni hiyo aliijua. Kwa miaka kumi na miwili alifunga mtungi wake nyuma ya pikipiki, akipanda na kushuka vilima vya chai vya Kapkatet, kwani kazi yake ni kupandikiza ng'ombe mbegu za fahali zinazogandishwa humo. Mtu akiona ng'ombe wake ana joto la kutaka fahali, humpigia Kiptanui simu kabla hata ya kukama. Wanamwita daktari, naye hajawahi kuwasahihisha.

Mguu wa kulia ulipoanza kuuma, alilaumu kiki ya kuwashia pikipiki. Aliilaumu miezi minne.

"Ng'ombe wa mtu akivimba hivi ungemwambia ukweli," mkewe, Edinah, alimwambia. "Sasa wewe, Baba Chepkosgei, utaambiwa na nani?"

Aliambiwa hospitalini: saratani ya mfupa. Dawa za mshipani zikamwondolea nywele na hamu ya kula. Kisha Daktari Gichana, mpasuaji wa mifupa, akamwekea njia mbili. Kukata mguu, au kutoa kipande kilichougua, kukikwangua, kukigandisha kwa naitrojeni ili saratani iliyobaki ife, kisha kukirudisha na kukifunga kwa vyuma na skrubu.

Kiptanui akasema mguu ukatwe.

Edinah alimgeukia. "Unaokolewa mguu na unakataa?"

"Kuna fahali alikufa nikiwa kidato cha pili," alisema Kiptanui. "Mpaka leo anazaa ndama hapo kwetu, kwa sababu mbegu yake iko kwa naitrojeni. Hiyo kitu haiui. Inatunza. Mnataka kunitunzia kansa?"

Gichana hakucheka. Alivuta kiti, akaketi.

"Hiyo mbegu huchanganywa na nini kabla ya kugandishwa?"

"Kiini cha yai. Na gliserini."

"Bila hivyo?"

Kiptanui alitazama mikono yake. Jibu alikuwa nalo tangu chuoni. "Inapasuka. Inakufa yote."

"Basi saratani yako hatutaipaka yai."

Edinah aliguna, karibu acheke. Lakini daktari hakuwa amemaliza. Mfupa wenyewe, alisema, utakufa pia. Ule ulio hai utaushika polepole, juu na chini, na kabla ya hapo unaweza kuvunjika au kuingiwa na usaha. Saratani nayo inaweza kuibuka kwingine. Kiptanui alisikiliza kama mtu anayesomewa hali ya mnyama wake, kisha akaomba kalamu atie sahihi.

Tangu upasuaji anatembea kwa magongo mawili. Mtungi uko sebuleni, mtupu, na wenye ng'ombe bado wanapiga simu. Huwauliza joto limeanza saa ngapi, kisha huwapa nambari ya mwenzake wa Sigor. Picha ya eksirei ya Septemba ilionyesha mfupa umeshikana upande wa juu. Chini bado kuna mstari mweusi, pale usiposhikana.

Novemba 18 atapigwa picha nyingine. Mstari ukiwa umefunga, ataweka chini gongo moja. Usipofunga, Daktari Gichana atachota mfupa hai kwenye nyonga ya Kiptanui na kuupandikiza pale.