Nyumba Aliyoitukana Herminda

Herminda Remolcoy alikuwa na ardhi bila nyumba. Kile kipande cha mlimani alichoachiwa na mama yake kilizaa viazi vikubwa kama vichwa vya mapadri, lakini mwenyewe, tangu mumewe afariki, alikuwa akilala jikoni kwa kaka yake Rosamel, baina ya jiko na pipa la chicha, pombe ya tufaha. Wifi yake hakuwa mtu mbaya. Ila kila asubuhi alimlalamikia paka kwamba jikoni humu kumejaa watu, na paka wa watu hakuwa na kosa lolote.

Na upepo wa huku kisiwani Chiloé si wa kuhamia nje. Ukivuma sawasawa, kuku hutaga yai lilelile mara tatu, maana kila likitoka linasukumwa kurudi ndani.

Basi ikasikika kwamba mzee Baldovino Cárcamo, wa kule chini ufukweni, anahamia kwa binti yake Punta Arenas, mbali kule kusini. Kiwanja alikwisha kumuuzia mfuga samaki, naye alitaka kikabidhiwe kitupu kabla ya mvua za baridi. Nyumba iliyosimama juu yake ingepata wa kuihamisha, au ingepasuliwa kuni. Kuihamisha si muujiza: unaipandisha juu ya magogo mawili marefu, unaifungia ng'ombe wa kijiji kizima, mnaivuta mpaka inakokwenda. Wavutaji hawalipwi senti. Wanakula.

Hapo ndipo hesabu ya Herminda ilipokuwa ngumu. Baldovino alitaka pesa laki nne. Herminda alikuwa nazo laki nne, jasho la sweta alizofuma mpaka vidole vikapinda. Akizitoa zote, wavutaji watakula nini? Kondoo na nyama ya kukausha vingemlia laki moja. Kwa hiyo atoe tatu, asizidishe hata senti.

"Usianze na tatu, dada," Rosamel akamwambia. "Anza na mbili. Na kwanza uitukane. Nyumba ikitukanwa inashuka bei."

Herminda aliyashika mafunzo kuliko mwalimu mwenyewe. Siku ya kwenda kuiona, majirani walikuwa wameegemea ua, akiwemo Eliecer Naguil, mwenye ng'ombe wenye nguvu kuliko wote pande hizi. Herminda akagonga nguzo, akatikisa kichwa.

"Mzee Baldovino, hii unauza nyumba au unauza mchwa? Sakafu inanong'ona. Hizi nguzo zimeoza mpaka rohoni. Nikipiga chafya hapa, paa tutaliokota Ajentina."

Watu wakacheka. Baldovino hakucheka. Aliijenga nyumba ile kwa mikono yake, mkewe akimshikia misumari.

"Basi toa mbili na nusu," akasema, akitazama viatu vyake. "Yaishe."

Wakapeana mikono. Herminda akapanda kilima anaimba, akiba yake imenona, mpaka alipofika kwa Eliecer kuomba ng'ombe.

"Siji, Bi Herminda."

"Huji vipi? Kwani nimekukosea nini?"

"Umesema mwenyewe imeoza mpaka rohoni. Nyumba ikivunjikia kilimani, inashuka na ng'ombe wangu. Nami sina ng'ombe wa kwenda kuokota Ajentina."

"Yale yalikuwa maneno ya bei, Eliecer."

"Na haya ni maneno ya ng'ombe."

Asipokuja Eliecer, hakuna mwingine anayekuja. Rosamel alipoulizwa, ghafla akakumbuka ana uzio wa kutengeneza.

Herminda akakaa jikoni na paka wa wifi yake, akafikiri. Kuisifu nyumba sasa ni bure. Mdomo uliotukana hauwezi kutoa ushahidi. Akiongeza bei kidogo, watasema bado anaiogopa. Kilichobaki cha kuaminiwa ni pesa yenyewe.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, akamsimamisha Baldovino mbele ya Eliecer na wote.

"Mzee wangu, niliitukana nyumba yako na sikuona hata tundu la mchwa. Haina ubovu. Nakupa laki nne, ileile uliyoitaja mwanzo."

Rosamel akakohoa kama aliyemeza mfupa. Baldovino akamtazama Herminda, kisha akazipokea zile pesa.

"Mtu hatoi laki nne kununua kuni," Eliecer akasema polepole. "Haya. Na siku hiyo tunakula nini?"

"Viazi."

"Na nini?"

"Na viazi. Nitavipika mwenyewe, humohumo ndani, nyumba ikitembea. Ikianguka, mtakuwa mmeepushwa na mapishi yangu."

Siku ya kuvuta, moshi ulitoka bombani nyumba ikipanda kilima, na waliokuwa mbali wakadhani meli imepotea njia. Ndani, Herminda alikaanga milcao, chapati nene za viazi, sufuria ikiteleza huku na huku, naye akiifuata. Palipo mwinuko mkali nyumba ikalia kwa sauti ndefu. Ng'ombe wakasimama. Dirisha likafunguka, Herminda akatokeza na mwiko.

"Nani amesema tumefika?"

Walipoitua penye shamba la mama yake, Baldovino alifika nyuma ya wote, akimburuta kondoo dume kwa kamba.

"Huyu alikuwa akilala chini ya sakafu," akamwambia Herminda. "Kwa hiyo nilikuuzia pamoja na nyumba. Nilisahau kukutajia."

Herminda akajua fika kwamba chini ya sakafu ile hapaenei hata bata. Akaipokea kamba. Eliecer alikuwa keshaanza kunoa kisu.

Baldovino akaingia, akapitisha kiganja kwenye fremu ya mlango, mahali mkewe aliposhika misumari.

"Imefika nzima," akasema.

"Ingefika nzima hata Punta Arenas," Herminda akamjibu, akampa kiti cha karibu na jiko na milcao kubwa kuliko zote.

Usiku ule Herminda alilala peke yake kwenye vyumba viwili. Asubuhi akamkuta paka wa wifi yake mlangoni, amehama.