Mama Aliposhika Simu

Baba mkubwa alivunjika nyonga akishuka mferejini, akiwa na miaka themanini na ushee. Alipotoka hospitali, binti yake alimchukua akae naye Ngaramtoni, kwenye nyumba isiyo na ngazi, karibu na barabara ya lami. Sisi wengine tulishughulika na magongo, kiti cha chooni na dawa, tukaona tumemaliza. Hakuna aliyeuliza ataishi vipi bila shamba lake.

Shamba lenyewe liko juu ya Tengeru, upande wa mashariki wa Mlima Meru. Ni la ndugu wawili: baba mkubwa, na baba yangu aliyemfuata kuzaliwa. Katikati pana ua wa masale, ile mimea ya kuwekea mipaka, na ua huo una pengo pana walilolikanyaga wenyewe kwa miaka mingi wakiendeana kunywa chai. Kutoka pale hadi Ngaramtoni lazima ushuke mlima, uvuke jiji zima la Arusha, utokee upande wa pili. Kwa mtu mwenye nyonga mbovu, hiyo ni nchi nyingine.

"Mlima nauona," alimwambia baba kwenye simu. "Lakini huku umenipa mgongo."

Baba ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na hawezi kuambiwa neno kama hilo akatulia. Nilikuwa nimempa simu yangu ya zamani, yenye kamera nzuri tu. Siku iliyofuata akaishika, akatoka mlangoni, akapita shamba zima akirekodi na kueleza. Alipomaliza akamtumia kaka yake, na mimi akanitumia, maana alijivunia kazi yake.

Niliifungua nikiwa dukani kwangu Kimandolu, ambako natoa kopi na kuchapa barua za watu. Nikaona mbingu. Kisha kiatu. Kisha jani la mgomba, mbingu tena, mkungu wa ndizi uliopita kama umerushwa, halafu picha ikaganda huku sauti ya baba ikiendelea kueleza habari za mbolea. Nilikuwa bado naitazama pale ujumbe wa sauti wa baba mkubwa ulipoingia kwenye grupu la familia.

"Mdogo wangu," alisema taratibu, "ulikuwa unakimbizwa na nani?"

Tulicheka wiki nzima. Baba hakucheka. Alirudia, safari hii akitembea polepole kama mtu anayefuata jeneza. Video ikaendelea kuruka. Jioni binti wa baba mkubwa akatuandikia kwamba mzee amepata kizunguzungu akiangalia na ameomba ndimu ya kunusa.

Asubuhi baba akanipigia. "Hii simu uliyonipa ni mbovu."

"Baba, nimeitumia miaka mitatu haikunisumbua."

"Basi umeichosha ndiyo ukanipa."

Mimi kamera siijui. Watu wakiona nina kompyuta wanadhani najua kila chenye umeme, lakini sivyo. Bahati nzuri nina mteja mmoja, mama wa makamo anayerekodi video za harusi, ambaye huja kwangu kuchapisha risiti zake. Nilimwonyesha ile video. Aliitazama mpaka mwisho bila kucheka, nikampenda kwa hilo.

"Hapa kuna magonjwa mawili," akasema. "Kuganda ni la simu. Kuruka ni la mtu. Anza na simu."

Akanieleza kwa subira, nami nikaandika nyuma ya karatasi iliyoharibika. Nifute lenzi. Nipunguze vitu vilivyojaa, kwa sababu simu isiyo na nafasi inashindwa kuhifadhi picha kwa kasi inayozipiga, ndiyo maana inakwama. Nizime ile hali ya kubana chaji. Niingie kwenye mipangilio ya kamera niwashe kituliza video. Nisivute picha karibu, kwa maana ukivuta picha unavuta na mtikisiko wake. Mtu asogee kwa miguu. Na chini ya migomba, ambako mwanga ni hafifu, nichague picha thelathini kwa sekunde, si sitini, ili video isiwe na giza.

"Na ugonjwa wa mtu?" nikauliza.

"Huo mpaka umwone akitembea."

Jumamosi nikapanda. Mama alikuwa uani akichambua kahawa kwenye ungo, akaniitikia shikamoo yangu bila kuinua macho, akaniambia chai iko mezani na baba yako amekusubiri tangu alfajiri kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

Lenzi ilikuwa na mafuta ya kujipaka. Nikaifuta kwa ncha ya kanga, hilo likaisha. Nafasi ndiyo ilikuwa kazi. Simu ilijaa picha za salamu: maua, jua linachomoza, kikombe cha chai chenye moshi, na chini yake maneno ya kumtakia mpokeaji siku yenye baraka. Zilikuwa mamia. Nilipotaka kuzichagua zote nizifute kwa mpigo mmoja, baba alinishika mkono.

"Huyu amenitakia heri. Nimfute hivihivi?"

"Baba, ni za mwaka juzi."

"Heri haina mwaka."

Tukakubaliana atazifuta mwenyewe. Akavaa miwani, akafungua moja baada ya nyingine. Kila picha aliisoma, akasema "amina", kisha akaifuta. Wengine waliotuma walikuwa walimu wenzake, wengine waumini wa usharika wetu, na wawili walikuwa wameshafariki. Hao akawaacha, nami sikubisha. Asubuhi yote iliishia hapo. Mama alishamaliza ungo wa kwanza na wa pili, nami nilikuwa nimekunywa chai mpaka tumbo likawa ngoma, lakini kila nikikumbuka siku hiyo ninaisikia ile "amina" yake ya chini chini, inakuja na kupita, na sioni kama tulipoteza muda.

Baada ya chakula cha mchana nikabadilisha mipangilio kama nilivyoandikiwa, tukatoka kujaribu. Kuganda kuliisha kabisa. Kuruka kulibaki palepale.

Nikamfundisha kushika simu kwa mikono miwili, viwiko vikigusa mbavu, magoti yakilegea kidogo, kisigino kikitangulia kukanyaga. Alisikiliza kwa makini, akarudia maelekezo yote kwa mpangilio, pengine vizuri kuliko nilivyoyasema mimi. Kisha akaanza kutembea na kueleza.

"Hapa, kaka, ndipo ule mgomba wa..." na mkono wa kulia ukaondoka kwenye simu kwenda kuuonyesha mgomba. Simu ikaning'inia upande. Akakumbuka, akaurudisha mkono. Hatua tatu mbele, "na maji ya mfereji sasa yanapita..." na mikono yote miwili, pamoja na simu, ikachora njia ya maji hewani.

Nyuma yetu nikasikia kicheko. Mama alikuwa ameacha kahawa na kutufuata.

"Tangu nimemjua huyu haongei bila mikono," alisema. "Mfunge mikono uone kama atatoa neno."

"Sasa nitafanyaje?" baba akauliza, na kwa mara ya kwanza nilisikia kwamba jambo hili lilikuwa linamuumiza. "Nisimweleze? Aone majani tu kama ng'ombe?"

Mama akajifuta mikono kwenye kanga, akanyoosha kiganja. "Nipe."

Mama hakuwa amewahi kuigusa ile simu ila kuipokea ikiita na kumkimbizia baba. Nilimwonyesha kitufe chekundu, nikamwonyesha viwiko na magoti. Aliniangalia kama ninamfundisha kusonga ugali. Kisha akasema, "Baba yenu, tangulia," akaanza kutembea.

Nilipokuwa mdogo nilimfuata mama mara nyingi akipanda kutoka mferejini na ndoo ya maji kichwani. Hakuwa akiishika. Njia ile ina mawe, mizizi na sehemu moja ya udongo mwekundu unaoteleza hata wakati wa kiangazi, lakini ndoo ilipita juu ya vyote hivyo kana kwamba inasafiri peke yake na mama yuko chini kwa shughuli nyingine. Maji hayakumwagika. Shingo ilinyooka, na kazi yote ilifanywa na magoti na nyonga. Sasa, akiwa na miaka sabini, nilimwona akishuka njia ileile kwa mwendo uleule, ila badala ya ndoo ana simu mbele ya kifua, na macho yake hayaitazami njia kabisa.

Mbele yake baba alikuwa huru. Alionyesha mgomba kwa mikono yote miwili. Aliinama akachota maji ya mfereji akayamwaga. Alipita kwenye pengo la masale, akaingia upande wa kaka yake, akagusa nguzo ya banda, akafungua mlango wa nyumba iliyofungwa akasema, "Tunafagia kila Jumatano, usiwe na wasiwasi." Walipofika kwenye mibuni ya juu, baba alisimama akashika tawi moja. Mama hakuuondoa uso wa baba kwenye picha. Alisubiri tu, mpaka akaendelea.

Video ilikuwa nzito, na mtandao kule shambani ni wa kubahatisha, kwa hiyo nikashuka nayo hadi barabarani ndipo ikakubali kwenda.

Baba mkubwa hakujibu. Jumapili tukatoka ibadani, baba akiitoa simu mfukoni kila baada ya hatua chache. Jumatatu nikiwa dukani nikampigia binti wa baba mkubwa, akaniambia mzee ameitazama mara nne, kisha akaomba asisemeshwe. Nikaogopa. Nilidhani tumemuumiza kwa kumwonyesha asichoweza kukifikia.

Jioni alimpigia baba. Mama ndiye aliyenisimulia, kwa sababu baba hakutaka.

"Umekonda," ndilo neno lake la kwanza.

"Nani?"

"Wewe. Zile nyingine zote nilikuwa naona viatu vyako. Safari hii nimekuona wewe. Shati limekuwa la mtu mwingine. Nimerudia mara nne nikidhani ni macho yangu. Unaumwa nini?"

Baba akasema haumwi. Kaka yake akamwambia asimdanganye, kwamba alimbeba mgongoni kabla hajaanza kutembea na anajua uzito wake. Baba akaanza kueleza habari za kahawa. Baba mkubwa akamkatiza, akaomba aongee na shemeji yake, na mama alipopokea simu akamuuliza swali moja tu: je, anakunywa maji mengi? Mama akafikiri. Ndiyo, anakunywa sana. Na anaamka mara kwa mara kwenda haja ndogo. Walikuwa wamesema ni uzee.

Mimi niliyekuwa napanda karibu kila Jumamosi sikuona chochote. Nilipoisikia habari hiyo niliifungua ile video tena, na ni kweli, pale anapoinama mferejini mkanda umevutwa hadi tundu lililotobolewa kwa msumari. Nilikuwa nimekaa naye meza moja asubuhi nzima nikimhesabia salamu zake, na nilichokitazama kilikuwa simu.

Tulimpeleka hospitali wiki hiyohiyo. Ilikuwa sukari, na ilikuwa juu. Daktari alisema hatujachelewa, akampa vidonge na orodha ya vyakula, na kwenye orodha hiyo aliandika apunguze ndizi. Kumwambia Mmeru mwenye shamba la migomba apunguze ndizi! Baba aliitoa ile karatasi barabara nzima akiwasomea watu, akitafuta mmoja wa kumwonea huruma. Lakini alipunguza. Baada ya miezi michache mkanda ukarudi tundu moja nyuma, kisha la pili.

Video ziliendelea, kila Jumapili baada ya ibada. Mama akawa fundi kweli. Alijifunza mwenyewe kusimama sekunde chache kabla ya kugeuza simu, na kuigeuza kwa mwili mzima, si kwa mkono. Baba mkubwa naye akawa bosi: anataka kuona chipukizi za mbuni fulani, anauliza nani amekata tawi lile, anaagiza shemeji asogee karibu na jani lenye madoa. Wakati mwingine alisahau kuwa ni video iliyorekodiwa, akawa anaiambia "simama hapohapo". Yule mama wa harusi nilimwonyesha mojawapo, akaniuliza huyu anayerekodi anatumia kifaa gani cha kutuliza. Nikamwambia ni mama yangu. Akasema akitaka kazi ya msimu wa Desemba aje.

Mwaka uliofuata tulibatiza mjukuu, na baba mkubwa akasema atakuja hata kwa kubebwa. Tulikodi gari linaloweza kupanda mlima, tukamkalisha mbele na mito miwili chini yake. Alipofika hakuingia ndani kwenye wageni. Alitaka kiti kiwekwe katikati ya mibuni, akakaa hapo na magongo yake magotini, akitazama kila upande kwa muda mrefu. Baba akasimama pembeni yake akingoja asifiwe.

"Kwenye video shamba ni kubwa zaidi," baba mkubwa akasema.

Mipango ilikuwa tumrudishe Ngaramtoni jioni ileile, gari lilikuwa limelipiwa kwenda na kurudi. Alikaa wiki mbili.