Siège yenye ilipaswa kukatwa

Mimi ndiye ule mutu wa commune, serikali ya mutaa, mwenye anapigaka alama ya croix nyekundu ku manyumba yenye batakata ao batabomoa kusudi bapanue barabara, hapa Mususa. Donc, batu bananiogopaka kidogo.

Juma ilipita, docteur aliniambia: "Papa, hémorroïdes, ile bivimbe ya ku matako, kama ni ndogo tunafungaka na kamba ya élastique. Mais yako imekomaa. Tutakata siku ya ine."

Sasa niandikie pasteur wangu neno "matako"? Haya ilinikamata. Nikatafuta Kifaransa ya heshima ya fasi ya kuikalia: "Pasteur, siège haiwezi pona tena. Batakata siku ya ine. Muombe." Nikasahau kabisa kama kwetu siège ni ile bureau kubwa ya kanisa, pembeni ya barabara!

Siku ya Mungu, pasteur akasimama na machozi: "Bapendwa, ndugu yetu wa commune ametujulisha. Siège yetu batakata!"

Kanisa ikalipuka. Bamama bakaapa: "Tutalala mbele yake! Bakate sisi kwanza!"

"Ndugu, kuya uikale hapa mbele, utueleze batakata upande gani," pasteur akaniita.

Nikafika, nikabaki nimesimama.

"Siwezi ikala, pasteur. Siège yenye batakata," nikageuka polepole, "ni hii."