Maini ya Sungura Mbele ya Wakwe

Mungu asifiwe, aliyenipa miaka ya kutosha hata nikaweza kusimulia aibu hii, ingawa mpaka leo nikiikumbuka nainamisha uso.

Wakati ule tuliitana citoyen, yaani raia, badala ya bwana, nami nilifanya kazi kiwandani hapa Likasi na kuongoza sala mtaani. Nilifuga sungura nyuma ya nyumba, katika banda lenye sakafu ya waya ili mavi yaanguke chini, lakini nikaionea huruma miguu yao, nikatandika mbao juu ya waya na kuwatupia majani papo hapo (huruma ya mjinga, naikiri). Baada ya majuma kadhaa matumbo yao yakavimba, nikajivuna kwa jirani: "Angalia vile banakuwa na mafuta!" Sungura wadogo watatu wakafa, nikasema ni baridi.

Ndipo wakwe wakaja kutoka Kakanda kumposa binti yangu Kabedi. Nikachinja sungura mwenye tumbo kubwa kuliko wote. Mke wangu alipomfungua akaniita: "Baba Kabedi, maini iko na madoa nyeupe. Tuitupe." Nikakataa, kwa sababu kwetu mkubwa wa wakwe hupewa maini mazima, ayakate mwenyewe, aone hakufichwa kitu, na sahani isiyo na maini ni tusi.

"Ni mafuta," nikamwambia. "Tia tomati mingi."

Nikabariki chakula kwa sala ndefu. Mzee wao akakata. Ukatoka uji mweupe, mzito, kama usaha.

"Citoyen, hii ni nini?"

"Mafuta, mukwe."

"Basi kula weye."

Nikatia kipande mdomoni watu wote wakinitazama, nikashindwa kumeza, nikatapika juu ya kitambaa cha meza.

"Hata yeye inamushinda!" shangazi yao akapiga kelele. "Banatupatia sumu!"

Wakaondoka, na mbuzi waliyemleta kwa posa wakamfungua, wakarudi naye.

Baadaye daktari wa mifugo alinieleza kwamba ni vijidudu vya mavi yaliyobaki juu ya mbao; sungura huvila pamoja na majani machafu, vikaingia kwenye maini. Kwa mtu si sumu. Nikatuma maneno hayo Kakanda. Hawakujibu. Sungura wote wakafa.

Kabedi aliziondoa zile mbao mwenyewe, akazisugua, akazianika juani. Hakunilaumu hata siku moja, na hakuolewa. Nimeapa mbele ya Mungu kwamba ugonjwa nikiuona sitauita tena mafuta.

Wewe unayesoma, Bwana akubarikie meza yako, na wote watakaoketi hapo.