Monita Niliyoipima kwa Mkono

Chekeni tu, wajukuu zangu. Mama yenu mdogo alitaka kufungua steshenari hapa Kharumwa. Kompyuta alikuwa nayo, monita hana. Mimi nikajitia kujua! Mnadani nikaona monita ya zamani, imetoka ofisi za mgodini. Nikainyanyua, kama tunavyopima kuku. Nzito kwelikweli! Nikatoa mtamba wangu, nikaichukua.

Fundi wa kompyuta tuliyemwita akaguna. "Bibi, hii plagi yake ni ya peke yake, haiingii popote."

Tukaagiza adapta ya kuiunganisha, kutoka Mwanza. Ikaja, bado giza.

"Inataka na kadi ya picha," fundi akasema, "na kompyuta yenu haina pa kuichomeka."

"Mama, si ungeniuliza," mwanangu akasema, hanitazami.

Sasa anachapa barua kwenye steshenari ya mwenzake. Nikipita, ananiamkia kama anavyowaamkia wateja.